Kabla ya hakimu kuna hukumu nyingine: Nani anaamua mtuhumiwa ashitakiwe?

KATIKA misikiti yetu ya mijini, baada ya swala watu wakikaa kuzungumza, kuna malalamiko mawili ambayo hayakosekani. La kwanza ni la mtu aliyeibiwa au aliyevamiwa. Anasema mwizi alikamatwa, akapelekwa kituoni, na baada ya siku chache yupo mtaani anapita mbele ya mlango wake. La pili ni la mtu ambaye ndugu yake yupo mahabusu mwaka wa pili au wa tatu, kila akipelekwa mahakamani anaambiwa upelelezi haujakamilika, arudi baada ya siku kumi na nne.

Wa kwanza analalamika kwamba mhalifu ameachiwa. Wa pili analalamika kwamba asiye na hatia ameshikiliwa. Kwa juu juu yanaonekana malalamiko yanayopingana, lakini ukiyachunguza utakuta yanauliza swali moja: Ni nani anayeamua kwamba huyu ashitakiwe na huyu aachwe, na anaamua kwa mizani gani?

Swali hili si la wanasheria peke yao. Uislamu umelipa suala la tuhuma, ushahidi na hukumu nafasi kubwa mno, na Muislamu anayeishi mjini leo analazimika kulielewa, kwa sababu anaweza kesho kuwa mlalamikaji, au shahidi, au mtuhumiwa mwenyewe.

Uhalifu unavyobadilika sura

Tuanze na hali ya mitaa yetu. Katika miaka ya 2000 hofu kubwa ya wakazi wa miji ya Tanzania ilikuwa ujambazi wa kutumia silaha, yaani uvamizi wa mabenki, maduka ya kubadilishia fedha na vituo vya mafuta. Baadaye ikaja sura nyingine. Mwaka 2013 na 2014 wakazi wa Dar es Salaam walianza kusikia habari za vikundi vya vijana vilivyoitwa Mbwa Mwitu, na mwanzoni mwa mwaka 2015 jina la Panya Road likafanya watu wafunge maduka mapema na kukimbilia majumbani. Mwaka 2022 jina hilo likarudi tena, vijana wakivamia nyumba kwa mapanga.

Sambamba na hayo, wizi ukahamia kwenye simu. Ni nani kati yetu hajawahi kupokea ujumbe wa kumtaka atume ile hela kwenye namba nyingine, au kupigiwa na mtu anayejifanya ni wa kampuni ya simu? Serikali ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, kisha ikaja amri ya kusajili laini kwa alama za vidole, ambapo laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Pamoja na hayo utapeli haujaisha.

Na upo uhalifu ambao hautangazwi sana lakini unaumiza zaidi: dawa za kulevya zinazomaliza vijana wetu, na ubakaji na ulawiti wa watoto, ambao mara nyingi hufanywa na watu wa karibu, akiwemo jirani, mjomba, na wakati mwingine, tuseme ukweli, hata mtu anayeitwa mwalimu.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kila aina ya uhalifu ina ugumu wake wa ushahidi. Aliyekabwa usiku kwenye uchochoro alimuona mwizi kwa sekunde chache gizani. Aliyetapeliwa kwa simu hajamuona mtu kabisa, ana namba tu. Mtoto aliyefanyiwa uovu hana shahidi mwingine isipokuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo hata kabla hatujamlaumu mtu yeyote, tujue kwamba kujua mwizi ni nani ni jambo moja, na kuthibitisha mbele ya mahakama ni jambo jingine.

Kesi ni ya nani?

Watu wengi wanadhani kwamba aliyeibiwa ndiye mwenye kesi. Sivyo. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na ndiyo maana mahakamani utasikia Jamhuri dhidi ya fulani. Aliyeibiwa ni mlalamikaji na shahidi. Hawezi kuamka asubuhi akaifuta kesi kwa kuwa tu amepatana na mshitakiwa, ingawa kwa makosa madogo ya binafsi, kama shambulio la kawaida, sheria yenyewe inairuhusu mahakama kuhimiza usuluhishi.

Muislamu asilione jambo hili geni. Imepokewa katika vitabu vya Abu Daud na An-Nasai kwamba Safwan bin Umayya (r.a.) aliibiwa nguo yake akiwa amelala msikitini. Mwizi akakamatwa, akapelekwa kwa Mtume (s.a.w.), na hukumu ikatolewa. Safwan alipoona uzito wa hukumu akasema amemsamehe na nguo amempa. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta kwake. Wanazuoni wamechukua hapo funzo kubwa kwamba ipo haki ya mtu binafsi ambayo anaweza kuisamehe, na ipo haki ya jamii nzima, ambayo ikishafika kwa mwenye mamlaka haimilikiwi tena na mtu mmoja.

Katika nchi yetu mamlaka ya kusimamia haki hiyo ya jamii katika hatua ya mashitaka amekabidhiwa Mkurugenzi wa Mashitaka, ambaye wengi tunamfahamu kwa kifupi cha DPP. Cheo hiki kimetajwa ndani ya Katiba, Ibara ya 59B, iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 2005. Ibara hiyo inampa mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashitaka ya jinai, na inasema awe huru, asiingiliwe na mtu wala chombo chochote. Lakini haikumuachia hivi hivi. Imemtaka azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Zanzibar nayo ina Mkurugenzi wake wa Mashitaka.

Zamani kesi nyingi za mahakama za wilaya ziliendeshwa na askari polisi wenyewe, yaani chombo kile kile kilichokamata na kupeleleza ndicho kilichosimama kushitaki. Sheria ya Huduma za Mashitaka ya mwaka 2008 ililenga kutenganisha kazi hizo, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashitaka ikawa ofisi inayojitegemea. Busara yake iko wazi: aliyehangaika kumkamata mtu si mwepesi wa kukubali kwamba amemkamata asiyehusika. Anatakiwa mtu wa pili alitazame jalada kwa jicho jipya.

Safari ya jalada

Mwananchi akifika kituoni anaandikisha taarifa na kupewa namba, ile tunayoiita RB. Hiyo siyo kesi bado. Ni taarifa tu. Akiwa ameumizwa anapewa fomu namba tatu ya polisi, PF3, aende nayo hospitali. Jalada linafunguliwa, mpelelezi anapangiwa, maelezo ya mashahidi yanaandikwa, vielelezo vinakusanywa. Baada ya hapo jalada huenda kwa wakili wa serikali, naye anaweza kuamua mambo matatu: kushitaki, kulirudisha kwa mpelelezi na maelekezo ya kujaza mapungufu, au kulifunga.

Hapa ndipo ilipo ile hukumu ninayoizungumzia. Haitolewi hadharani, hakuna watu waliojaa ukumbini, hakuna mwandishi wa habari. Lakini kwa mtuhumiwa na kwa aliyedhulumiwa, huenda ndiyo hukumu nzito kuliko zote.

Mizani ya kwanza: Ushahidi

Waendesha mashitaka katika nchi zenye mfumo wa sheria kama wetu hutumia mizani mbili. Ya kwanza ni ushahidi. Je, yaliyomo kwenye jalada yanatosha kuifanya mahakama imtie mtu huyu hatiani? Swali siyo kama mwendesha mashitaka anaamini kwamba huyu ni mwizi, wala kama mtaa mzima unaamini hivyo. Katika kesi ya jinai Jamhuri inatakiwa ithibitishe pasi na shaka yoyote ya maana.

Chukua mfano wa yule aliyekabwa usiku. Mahakama ya Rufani, tangu mwaka 1980, imeweka msingi kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu usioweza kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi ataulizwa: Kulikuwa na mwanga gani? Ulikuwa umbali gani? Ulimtazama kwa muda gani? Ulikuwa unamfahamu kabla? Na kama hukumfahamu, je, ulitoa wasifu wake mapema kabla hajakamatwa? Anayesema nilimtambua tu, bila majibu ya maswali hayo, kesi yake imeshaanguka kabla haijasimama.

Kwa dawa za kulevya suala ni kielelezo. Nani alikikamata, mbele ya shahidi gani, kilifungwa vipi, nani alikipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kilihifadhiwa wapi mpaka siku ya kesi? Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, mahakama inajiuliza kama unga ulioletwa mbele yake ndio ule uliokamatwa.

Kuna watu wanaona haya ni maringo ya wanasheria yanayowasaidia wahalifu. Muislamu hapaswi kusema hivyo, kwani msingi huu ni wa dini yake. Ibn Abbas (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa lau watu wangepewa kila wanachodai kwa madai yao tu, wangejitokeza watu kudai damu na mali za wenzao, na katika mapokezi ya Al-Bayhaqi imefafanuliwa kwamba ushahidi ni juu ya anayedai. Wanazuoni wa fiqhi wakajenga juu ya mafundisho hayo kanuni kwamba asili ya mtu ni kutokuwa na hatia, na kwamba adhabu za hudud huondolewa penye shaka.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika Suratun Nisaa, aya ya 105 hadi 113. Wafasiri wanaeleza kwamba mtu mmoja wa Madina, kutoka ukoo wa Banu Ubayriq, aliiba deraya, na alipoona anatafutwa akaiweka kwa Myahudi. Deraya ikakutwa kwa Myahudi, na jamaa za mwizi wakaenda kwa Mtume (s.a.w.) kumtetea ndugu yao. Kila kitu kilielekea kumpata Myahudi na hatia: kielelezo kimekutwa kwake, na kundi la Waislamu linashuhudia dhidi yake. Ndipo zikateremka aya za kumsafisha na kumkataza Mtume (s.a.w.) asiwe mtetezi wa wahaini.

Tuyatazame yaliyomo humo. Asiye na hatia hakuwa Muislamu, na mwenye hatia alikuwa mtu wa Madina mwenye ukoo. Qur'an haikuangalia ni wa kundi gani. Leo wahyi haushuki kumsafisha anayesingiziwa, kwa hiyo kinga iliyobaki ni umakini wa mpelelezi, uadilifu wa mwendesha mashitaka na ukweli wa shahidi.

Mizani ya pili: Maslahi ya umma

Ushahidi ukitosha, linakuja swali la pili: Je, kumshitaki mtu huyu kuna maslahi kwa jamii? Siyo kila kosa lililothibitika lazima liishie kizimbani. Huangaliwa uzito wa kosa, madhara aliyopata mlalamikaji, umri na afya ya mtuhumiwa, na kama ni kosa lake la kwanza au amezoea. Kijana wa miaka 15 aliyeingizwa kwenye kikundi na wakubwa zake si sawa na mkubwa aliyempa panga, na ndiyo maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemuwekea mtoto mahakama na utaratibu wake.

Mizani hii inahitaji ucha Mungu, kwa sababu ndiyo rahisi kuchezewa. Upo mtihani wa kuchagua kesi nyepesi. Kumkamata kijana aliyesimama kijiweni na kumshitaki kwa uzururaji ni kazi ya nusu saa. Kuufuatilia mtandao wa wauza unga ni kazi ya miaka. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, kwani zinamuadhibu mtu kwa hali yake ya umasikini na siyo kwa tendo alilofanya.

Hadithi ya mwanamke wa kabila la Makhzum, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inajulikana kwa kila mwanafunzi wa madrasa. Maquraishi walitaka asiadhibiwe kwa sababu ya ukoo wake. Mtume (s.a.w.) akakasirika, akaeleza kwamba mataifa yaliyotangulia yaliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimuacha, na mnyonge akiiba walimuadhibu. Hilo halikuwa tatizo la ukosefu wa sheria, kwani sheria walikuwa nayo. Lilikuwa ni tatizo la kuchagua nani aguswe na sheria na nani asiguswe. Yaani ni uamuzi huu huu wa mashitaka.

Shitaka likitangulia ushahidi

Ikiwa kumuacha mhalifu kwa upendeleo ni dhulma, kumshitaki mtu kwanza na kuutafuta ushahidi baadaye ni dhulma pia. Katika hili Waislamu wa nchi hii hawahitaji kuhadithiwa. Masheikh wa Jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar, akiwemo Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, pamoja na wenzao, walishitakiwa Dar es Salaam mwaka 2014 kwa makosa ya ugaidi. Walikaa mahabusu mpaka Juni 2021, ambapo Mkurugenzi wa Mashitaka alieleza kwamba hana nia ya kuendelea na kesi. Miaka saba imepita, hakuna hukumu ya kuwatia hatiani, na hakuna wa kuwarudishia miaka hiyo wala kuzilipa familia zao.

Wala tusidhani limewapata Waislamu peke yao. Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashitaka aliifuta pia kesi ya ugaidi iliyokuwa ikimkabili mwenyekiti wa Chadema wa wakati huo, Freeman Mbowe, baada ya kukaa mahabusu tangu Julai 2021. Naye mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akahojiwa kwanza kuhusu uraia wake, kisha akashitakiwa kwa makosa ya uhujumu uchumi likiwemo la kutakatisha fedha. Alitoka Februari 2020 kwa utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa, ambao uliingizwa kwenye sheria mwaka 2019.

Hapa kuna jambo ambalo raia wengi hawalioni. Yapo makosa ambayo sheria haitoi dhamana, kama vile mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachozuia dhamana kinakwenda kinyume na Katiba, lakini Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Matokeo yake ni kwamba anayechagua jina la shitaka ndiye anayeamua mtu alale kwake au mahabusu. Tukio lile lile likiandikwa wizi, mtu anapata dhamana. Likiandikwa unyang'anyi wa kutumia silaha, hapati. Na aliyeko mahabusu bila kujua mwisho wake, akiambiwa akiri aondoke, anaweza kukiri hata asilolifanya. Kalamu inayofanya hayo ni amana nzito.

Hata hivyo uadilifu unatutaka tuseme na yaliyorekebishwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanakataza kufungua mashitaka mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Mwaka 2023 iliundwa Tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na ikatoa ripoti yake mwaka huo huo. Hiyo ni hatua. Lakini hiyo isipokuwa ndiyo penye tatizo, kwa sababu makosa makubwa ndiyo yanayomuweka mtu ndani muda mrefu, na ndiyo yaliyostahiki zaidi ushahidi utangulie.

Kesi zinazofia majumbani kwetu

Baada ya kusema hayo juu ya wenye mamlaka, tujigeukie wenyewe. Kesi nyingi haziuliwi na DPP. Zinafia mtaani, mikononi mwetu.

Mtu ameona jambazi akivunja mlango wa jirani. Akitakiwa aandikishe maelezo, anasema sitaki kesi. Mwingine ameandikisha, wito wa mahakama ukija amesafiri. Kesi ikiahirishwa mara tatu, shahidi anachoka, hakimu anaondoa shauri, mtuhumiwa anarudi. Kisha sisi sisi tunakaa barazani kusema polisi wamekula rushwa. Huenda wamekula, na rushwa ni haramu kwa anayetoa na anayepokea. Lakini aya ya 283 ya Suratul Baqarah inakataza kuficha ushahidi na kusema kwamba anayeuficha moyo wake umeingia dhambini. Na aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatuamrisha tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Sikatai kwamba kutoa ushahidi kuna gharama: nauli, siku ya kazi, na hofu ya kudhuriwa. Ipo Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015, na ni haki yetu kudai itekelezwe. Lakini gharama haiondoi wajibu.

Linaloumiza zaidi ni la watoto. Binti amefanyiwa uovu na mtu wa familia. Wazee wanakaa, mtuhumiwa anatoa fedha, mama anaambiwa asitiri, asiitie aibu familia. Wengine wanaleta hadithi inayosema kwamba anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri. Hadithi ni sahihi, ameipokea Muslim. Lakini imewekwa mahali sipo. Imam An-Nawawi, akiisherehesha, ameeleza kwamba kusitiri kunakosifiwa ni kwa mtu wa heshima asiyejulikana kwa uharibifu, ama mwenye kujulikana kwa madhara anapaswa kufikishwa kwa wenye mamlaka, kwani kumsitiri kunampa moyo wa kuendelea. Kusitiri ni kwa dhambi ya mja na Mola wake iliyokwisha. Mtoto aliyejeruhiwa ana haki yake, na hakuna mzee mwenye ruhusa ya kuiuza.

Na kisheria familia hizo zijue hili: Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba ushahidi bora katika kesi ya ubakaji ni wa mwathirika mwenyewe, na sheria ya ushahidi inaruhusu mtu kutiwa hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Maana yake ni kwamba mkimnyamazisha mtoto, mmeua kesi yote. Mwendesha mashitaka hana cha kupeleka. Na mtu huyo atahamia mtaa mwingine, kwenye mtoto mwingine.

Upande wa pili wapo wanaojifanya mpelelezi, mwendesha mashitaka na hakimu kwa pamoja, wale ambao taarifa za polisi huwaita wananchi wenye hasira kali. Mtu anaitwa mwizi, na ndani ya dakika kumi ameshachomwa moto. Nani aliuliza kuhusu mwanga, umbali na muda? Suratul Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aliyekufa kwa tairi hana rufani.

Tufanye nini?

Kwanza, aliyedhurika aripoti mapema na aeleze wasifu wa mhalifu siku ile ile, kwa maneno yake, bila kuongeza. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo kabla ya kufika hospitali. Aliyetapeliwa asifute ujumbe wala kubadilisha simu.

Pili, mjumbe, mwenyekiti wa mtaa au jirani akiitwa kushuhudia upekuzi, akubali na asome kabla ya kutia saini. Asisaini kile ambacho hakukiona.

Tatu, shahidi aseme alichokiona tu. Anayeongeza neno ili mwizi afungwe, ametoa ushahidi wa uongo, na Mtume (s.a.w.) ameuhesabu miongoni mwa madhambi makubwa kabisa.

Nne, misikiti yetu isiishie kuchangia wafiwa. Wapo mahabusu wasio na wakili wala ndugu wa kuwafuatilia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu mwaka 2017, na wanasheria Waislamu tunao. Kamati ya msikiti inaweza kuwa na orodha ya watu wake waliopo mahabusu, ikajua kesi yao ipo hatua gani na inaahirishwa kwa sababu gani.

Tano, tunapodai haki tuidai kwa mizani moja. Tusililie ushahidi pale anaposhitakiwa sheikh wetu, kisha tukashangilia anaposhitakiwa bila ushahidi mtu tusiyempenda. Aya ya 8 ya Suratul Maidah inatuonya kwamba kuwachukia watu kusitupelekee kuacha uadilifu.

Ndugu msomaji, Mtume (s.a.w.), pamoja na utume wake, alieleza kwamba yeye ni binadamu na anahukumu kwa anayoyasikia, na kwamba atakayepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa yeye alisema hivyo, basi mpelelezi, wakili wa serikali, hakimu na shahidi wana haja kubwa zaidi ya kuogopa. Jalada linalofungwa leo kwa rushwa, shitaka linaloandikwa bila ushahidi, na ushahidi uliofichwa kwa ajili ya undugu, yote yatafunguliwa upya mbele ya Hakimu ambaye haahirishi kesi kwa kuwa upelelezi haujakamilika.

Wabillahi Tawfiiq.